Anwani Mbili: Shajara ya Ramani ya Watoto Waliofichwa

Januari

Mradi umepata umbo. Tunatengeneza ramani ya kukunja, pamoja na rekodi fupi za sauti kwa Kiswahili, kwa ajili ya vijana wa darasa letu la Jumamosi hapa Berlin. Mada ni watoto wa Kiyahudi waliofichwa enzi za Wanazi, wakapatikana, wakauawa, na alama zilizowekwa mitaani kuwakumbuka.

Tumeanzia miguuni, kwa sababu vijana wetu hupita juu ya Stolpersteine kila siku wakienda shule. Kwa asiyeyajua mawe haya: ni kipande cha zege cha sentimita 10 kila upande, juu kimevikwa bamba la shaba ya manjano, kimepandwa sawasawa na mawe mengine ya njia ya waendao kwa miguu, mbele ya mlango wa nyumba. Msanii Gunter Demnig aliweka la kwanza Köln mwaka 1992, na mwaka 2023 akaweka la 100,000 huko Nürnberg. Herufi hugongwa kwa nyundo, moja baada ya nyingine, kwa mkono wa mtu. Maandishi huanza HIER WOHNTE, yaani hapa aliishi, kisha jina, mwaka wa kuzaliwa, na yaliyompata.

Mradi ulizaliwa na swali la binti mmoja darasani: kama mtoto alikamatiwa mafichoni, mbona jiwe lake liko kwao?

Jibu ni kwamba jiwe huwekwa mbele ya nyumba ya mwisho ambayo mtu alikaa kwa hiari yake, na mafichoni hakuna anayekaa kwa hiari. Kwa hiyo mtoto wa namna hii ana anwani mbili, na jiwe lina nafasi ya moja. Mengine huongeza neno VERSTECKT, kuonyesha kwamba alifichwa. Mengine yanaruka kutoka mwaka wa kukimbia hadi jina la kambi na neno ERMORDET, aliuawa. Miezi aliyoishi darini, au shambani kwa watu baki akiitikia jina la bandia, inabanwa kwenye mstari mmoja, au haipo kabisa. Ramani yetu itachora mstari kutoka anwani ya kwanza hadi ya pili, na kusema nani alifungua mlango wa pili na nani aliuuza.

Februari

Kikao na wazazi. Bajeti imepita bila kelele, maana ni ndogo. Kelele zimetoka kwingine. Mzee wetu mmoja, mtu wa Tanga, ambaye tunamtaka atusomee sehemu za msimulizi kwa sauti yake ile nzito, aliniuliza mbele ya watu: "Mwanangu, wetu tumewamaliza?"

Swali halali. Sikumjibu pale pale; nilimwomba twende Brunnenstraße 193, mtaa wa Mitte. Pale kuna jiwe la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904. Alikuwa mtoto askari katika jeshi la Wajerumani Vita Kuu ya Kwanza, akaja Berlin 1929 kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa, akabaki. Alifanya kazi ya uhudumu, akaigiza kwenye filamu, na akawafundisha Wajerumani Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa "kosa" la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na akafia kambi ya Sachsenhausen mwezi Novemba 1944.

Mzee alisimama pembeni ya jiwe, si juu yake, akasoma jina polepole. Kisha akasema jambo ambalo limeleta mjadala usioisha kikundini: jina la mtu halikanyagwi. Alikubali kutusomea, lakini kuhusu mawe kuwekwa chini hakubadilisha neno.

Nimetafuta, nikakuta hayuko peke yake. Jiji la München limekataa Stolpersteine kwenye ardhi ya umma tangu 2004, na uamuzi huo ulirudiwa 2015. Aliyepinga kwa nguvu kuliko wote ni Charlotte Knobloch, kwa miongo kadhaa kiongozi wa jumuiya ya Wayahudi wa jiji hilo, naye alisema yale yale ya mzee wetu: majina ya waliouawa yasiwe chini ya viatu. Na Knobloch mwenyewe alikuwa mtoto aliyefichwa. Kreszentia Hummel, mwanamke Mkatoliki wa kijiji kimoja mkoani Franken aliyewahi kuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa mjomba wa mtoto huyo, alimchukua na kuacha watu waamini kwamba ni mwanawe aliyezaa nje ya ndoa. Alibeba aibu hiyo kijijini hadi vita vikaisha. Tangu 2018 München ina vibao vya ukutani na nguzo, majina yakiwa usawa wa macho. Kwenye ramani yetu tutayaweka maoni haya kando ya mawe, bila kuamua kesi.

Machi

Amsterdam. Kuhusu Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwa mafichoni, nitakuwa mfupi, kwa kuwa kila mtu anajua nusu ya habari. Nusu nyingine ni anwani. Mawe ya familia yake yako Merwedeplein, kusini mwa mji, walikoishi; maficho yalikuwa Prinsengracht 263. Tarehe 6 Julai 1942 Anne na wazazi wake walitembea umbali huo kwa miguu katika mvua, wamevaa nguo juu ya nguo, kwa sababu Myahudi mwenye sanduku barabarani angetiliwa shaka mara moja. Foleni ya watalii iko Prinsengracht. Merwedeplein tulikuta watoto wanacheza mpira na mama mmoja anasukuma gari la mtoto. Nilipenda hivyo.

Kilichonishika zaidi ni Plantage Middenlaan. Hapo kulikuwa na jumba la maonyesho, Hollandsche Schouwburg, ambalo Wanazi walilifanya kituo cha kukusanyia Wayahudi kabla ya kuwasafirisha. Watoto wadogo waliwekwa ng'ambo ya barabara, kwenye shule ya chekechea iliyoongozwa na Henriëtte Pimentel. Yeye, Walter Süskind aliyekuwa na kazi ya kuandikisha watu jumbani, na Johan van Hulst wa chuo cha ualimu cha jirani walishirikiana kuwatorosha watoto wapatao 600. Tramu ilipopita mbele ya jengo, walinzi wa ng'ambo walizibwa macho kwa sekunde chache; hapo mtu alitoka na mtoto na kutembea sambamba na tramu hadi kona. Wengine walitolewa ndani ya mifuko na vikapu. Pimentel aliuawa mwaka 1943 Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi.

Kutoka pale haikuwa mwisho wa hatari, na hapo ndipo wasimulizi wengi wa habari hii hunyamaza. Mwaka 1943 kulikuwa na kundi la Waholanzi, likiongozwa na Wim Henneicke, lililolipwa kusaka Wayahudi waliojificha. Bei ilianzia guilda 7.50 kwa kila kichwa, na mtoto alikuwa kichwa kama mwingine. Katika miezi michache kundi hilo lilikamata watu wapatao 8,000. Nimeandika guilda 7.50 kwenye rasimu ya ramani kwa herufi kubwa. Mwenzangu anasema ni ukatili kumwekea mtoto bei. Nami nasema bei iliwekwa zamani, sisi tunaitaja tu. Tumeiacha ibaki.

Tulipita pia Weesperstraat, kwenye ukumbusho wa majina ya waliouawa, uliofunguliwa 2021, kazi ya msanifu majengo Daniel Libeskind: kuta za matofali, zaidi ya 102,000, kila tofali jina moja, tarehe ya kuzaliwa na umri. Kwa kuwa yamepangwa kialfabeti, ndugu wamekaa pamoja, na macho hushuka yenyewe kutafuta umri: 41, 38, 9, 6, 2. Anwani hakuna hata moja. Kijana wetu mmoja alisema ukuta huu na jiwe la mlangoni vingepaswa kuoana. Nimeyanukuu kwenye kurasa za mradi kama maelezo bora ya kazi yetu kuliko yangu.

Aprili

Izieu. Nilitaka sehemu hii ichukue upande mzima wa ramani, na baada ya safari hakuna aliyebisha.

Ni kijiji mkoani Ain, mashariki mwa Lyon, juu ya bonde la mto Rhône. Nyumba kubwa nyeupe yenye uwanja na chemchemi mbele, na milima kwa mbali. Ukifika mchana wa jua unaelewa kwa nini Sabine Zlatin, nesi aliyefukuzwa kazi kwa sheria dhidi ya Wayahudi, na mumewe Miron walidhani hapa patafaa. Walifungua makao ya watoto mwezi Mei 1943, wakisaidiwa na Pierre-Marcel Wiltzer, mkuu wa wilaya ya Belley. Eneo lilikuwa chini ya Waitalia, ambao hawakuwakabidhi Wayahudi kwa Wajerumani. Watoto zaidi ya 100 walipitia pale, wengi baada ya kutolewa kwenye kambi za kusini mwa Ufaransa ambako wazazi wao walibaki.

Neno maficho lina utata hapa, na tumelijadili sana. Watoto hawa hawakukaa darini. Walicheza nje, walikuwa na mwalimu, waliandika barua, walichora mikanda mirefu ya karatasi ya hadithi na kuionyesha kama sinema, wakiigiza sauti wenyewe. Michoro hiyo imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Walifichwa kwa umbali tu, na kwa ukimya wa majirani. Septemba 1943 Waitalia walisalimu amri, Wajerumani wakaingia, na umbali ule haukutosha tena.

Alhamisi ya tarehe 6 Aprili 1944, siku ya kwanza ya likizo ya Pasaka, saa ya kifungua kinywa, malori mawili na gari dogo yalipanda kilima kwa amri ya Klaus Barbie, bwana wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wa Lyon. Sabine Zlatin alikuwa Montpellier, akitafuta mahali pa kuwatawanya watoto. Walichukuliwa watoto 44 na watu wazima saba. Léon Reifman aliruka dirishani akajificha. Ndiye pekee aliyeponyoka ndani ya nyumba. Jioni ile Barbie alituma teleksi Paris kuripoti kwamba makao yamesafishwa. Karatasi hiyo ndiyo iliyomfunga: mwaka 1987 mahakama ya Lyon ilimhukumu kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya ubinadamu.

Watoto 42 waliuawa kwa gesi Auschwitz, wengi wao baada ya msafara wa 71 ulioondoka kambi ya Drancy, karibu na Paris, tarehe 13 Aprili. Vijana wawili, Theodor Reis na Arnold Hirsch, walipigwa risasi Estonia pamoja na Miron Zlatin. Katika wote waliochukuliwa alirudi mtu mmoja, mlezi Léa Feldblum. Alikuwa na vitambulisho bandia ambavyo vingeweza kumwokoa. Akataja jina lake la kweli ili asiachane na watoto.

Sasa anwani. Ukiiweka nyumba ya Izieu katikati ya ramani na kuvuta nyuzi kurudi kwao, zinakwenda Wien, Mannheim, Antwerpen, Brussels, Paris. Moja inavuka Bahari ya Kati hadi Oran, Algeria, kwa akina Benguigui: Jacques, Richard na Jean-Claude, miaka 12, 7 na 5. Mama yao, Fortunée, alikuwa tayari Auschwitz, akifanyiwa majaribio ya kitabibu, akijipa moyo kwamba wanawe wako salama Izieu. Siku moja akaona sweta la Jacques katika nguo zilizoletwa kambini. Alinusurika, na miaka 43 baadaye alilisema hilo mbele ya mahakama ya Barbie.

Vijana wetu walipofika kwenye jina la Oran walisogea karibu na ubao. Hawakujua kwamba bara lao limo.

Jambo jingine lililowashika ni benchi. Mwaka 1972 Ita-Rosa Halaunbrenner, mama wa Mina na Claudine waliochukuliwa Izieu wakiwa na miaka 8 na 5, alisafiri hadi La Paz, Bolivia, alikojificha Barbie kwa jina la bandia. Yeye na Beate Klarsfeld, mwanaharakati wa Kijerumani aliyewasaka Wanazi waliojificha, walijifunga kwa mnyororo kwenye benchi mbele ya ofisi zake. Kwamba muuaji naye aliishi kwa jina la bandia, akapata miaka mingi ya kuishi hivyo, liliwaudhi vijana kuliko kitu chochote tulichowasomea mwaka huu. Sikuwatuliza.

Juni

Kurekodi. Chumba chetu kinatoa mwangwi, tumetundika mablanketi ukutani na kufunga friji ya jikoni, maana inavuma. Tumeelewana mambo machache. Hakuna sauti za malori wala mbwa. Kuna mzazi aliyeona zingevuta wasikilizaji, tukamkatalia kwa adabu. Hakuna muziki chini ya majina. Majina yanasomwa na vijana, kila mmoja akipewa yale ya umri unaokaribia wake, na mzee wa Tanga anasoma yaliyobaki. Majina ya Kipolandi na Kifaransa yanatukamata ulimi. Jina la Sarah Szulklaper, mmoja wa watoto wa Izieu, limesomwa na kurudiwa hadi binti anayemsoma akalikariri kama la rafiki yake.

Mama mmoja wa Kinyarwanda, ambaye kwa kawaida hukaa kimya vikaoni, alisikiliza rasimu ya Amsterdam na kuuliza: waliowaficha mbona mmewapa sentensi moja? Kisha akaeleza kidogo, si sana, kuhusu jirani na dari ya mwaka 1994. Alituambia pia kuhusu chumba cha watoto kwenye ukumbusho wa genosidi wa Kigali, ambako chini ya picha ya mtoto huandikwa alichopenda kula, au rafiki yake alikuwa nani. Tumerudi kwenye rasimu. Georgy Halpern wa Wien, mtoto mwingine wa Izieu, aliyeuawa akiwa na miaka 8, sasa ana sentensi zake: kwamba alichora, na kwamba aliwaandikia wazazi wake barua, ambazo zipo hadi leo. Na Wiltzer amepata aya nzima.

Agosti

Rasimu ya kwanza imerudi kutoka kwa mchapaji. Rangi safi, mikunjo safi. Ila upande wa Izieu orodha ya majina imekatwa chini na mstari wa mwisho umepotea. Aliyegundua ni kijana wa miaka 11, ambaye alihesabu kwa kidole akapata 43. Aliyekosekana ni Émile Zuckerberg, miaka 5, wa mwisho kwa alfabeti. Nilipopiga simu niliambiwa kwamba kwa mpangilio ule mstari mmoja hauonekani kupungua. Tumewaomba wapunguze picha, wasiguse orodha. Wamesema itachelewa. Ichelewe.

Tukiwa tunasubiri tumekwenda kusugua mawe ya mtaa wetu. Shaba ikikaa nje inakuwa ya kahawia kama chai ya rangi, na herufi zinafifia ndani yake. Unapaka dawa ya kung'arishia vyuma, unasugua kwa fulana kuukuu, weusi unatoka kwenye kitambaa na kwenye vidole, kisha ghafla tarehe inasomeka. Inabidi upige magoti, na wapita njia wanakuzunguka. Wengine huuliza, wengi huangalia simu. Mzee wa Tanga alikuja na kigoda chake. Alisugua jiwe la mtoto mmoja na la wazazi wake wawili yaliyo pembeni, akasema hili la kuwaweka pamoja baba, mama na mtoto analikubali, hata kama bado angeyapandisha ukutani. Demnig husisitiza jambo hilo: familia iliyotawanywa irudishwe pamoja mbele ya mlango wao, hata aliyenusurika apewe jiwe lake kando ya wasionusurika.

Septemba

Ramani zimefika, Émile yumo. Rekodi ziko kwenye simu za vijana wote na mwalimu mmoja Mkongo wa Lyon ameziomba kwa ajili ya wanafunzi wake, kwa kuwa gereza la Montluc, ambako watoto wa Izieu walilala usiku wao wa kwanza, liko mjini kwao na sasa ni ukumbusho unaotembeleka. Amepewa, kwa sharti kwamba atatuletea sauti za wanafunzi wake kwa toleo lijalo.

Toleo lijalo ni Wien. Kuna Hans Ament, Sigmund Springer, dada wawili Martha na Senta Spiegel, dada wengine wawili Renate na Liane Krochmal, na Georgy. Upande wa Izieu wa nyuzi zao umeshachorwa. Kazi iliyobaki ni mwanzo wao: mtaa gani, mlango gani, na kama leo mbele ya mlango huo kuna kitu chochote cha kusoma. Tumegawana majina, kila kijana jina moja, na mzee amechukua la Springer bila kuulizwa.